Nataka kuanza kuvua trauti kwa nzi bandia, ninunue nini kwanza?

Mpagazi_NaroMoru
Hamjambo wadau. Mimi ni mpagazi wa mlimani, nimezoea kuvua bwawani na minyoo tangu utotoni, lakini mwezi jana mgeni mmoja akanipa fimbo yake ya nzi nijaribu kidogo pale mtoni, trauti akatoka chini ya jiwe akaguza nzi akarudi, mkono wangu ukatetemeka mpaka bega na tangu siku hiyo sina raha. Nimeweka akiba elfu 18. Duka moja Nairobi wananishauri seti ya fimbo futi 9 namba 8, eti ni ngumu haivunjiki, na rili kubwa ya kuzungushia mshipi, inang'aa kweli. Nichukue? Hizo namba zenyewe zinamaanisha nini? Nisaidieni kabla sijatuma pesa.

MzeeWaGura
Usitume hiyo pesa kijana wangu. Namba 8 ni ya samaki wenye nguvu wa baharini, mito yetu ya mlimani ni myembamba na miti imeinama juu ya maji, utachoka mkono bure na nzi itatua majini kama jiwe.

Sikiliza vizuri hapa, maana ukielewa hili mengine yote yanakuwa rahisi. Kwa uvuvi uliozoea unarusha uzito ulio mwishoni, risasi au chambo, na uzi unafuata. Nzi karibu haina uzito, kwa hivyo kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ndiyo maana ni mnene na una uzito wake, kwa mfano mshipi namba 5 ile mita 9 ya mwanzo ina kama gramu 9. Namba ya fimbo inakwambia itabeba mshipi gani, fimbo namba 4 mshipi namba 4, basi. Ukichanganya fimbo haipindi inavyotakiwa.

Kwa mito ya huko kwenu chukua futi 8 namba 4, au hata futi 7 na nusu. Kama unafikiria pia maziwa ya juu Mlima Kenya kama Rutundu au Alice, ambako upepo ni mwingi na kuna nafasi, futi 9 namba 5 inafaa kote kote ingawa msituni itakusumbua kidogo. Tafuta ya vipande vinne, inaingia kwenye begi na kwa matatu hakuna mtu ataikalia.

Rili usihangaike nayo. Trauti wa mtoni mara nyingi unamvuta kwa mkono tu, rili kazi yake ni kuhifadhi mshipi. Pesa weka kwenye mshipi, unaoelea, wenye uzito mbele, yaani boksi liandikwe WF4F. Mimi mwaka wa kwanza nilinunua rili ya bei na mshipi wa bei rahisi, ulikuwa umejikunja kama springi hata nikiunyoosha, msimu mzima nikadhani sijui kurusha.

Mpagazi_NaroMoru
Asante sana mzee, hapo kwa mshipi nimefunguka macho. Na ule uzi mwembamba wa mbele? Na nzi ninunue ngapi?

DadaWaNzi
Kaka hapo niachie mimi, nafunga nzi za kuuzwa ng'ambo, huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Uzi wa mbele nunua ule unaopungua unene, futi 9, ulioandikwa 4X au 5X. Ile X namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba zaidi, watu wengi hukosea hapo. Ongeza na kigurudumu kimoja cha uzi wa 5X wa kuunganishia ukishakata kata mafundo. Na fundo ulilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, likikazwa kavu linaungua na hapo ndipo litakatika.

Nzi usinunue rundo. Kumi na mbili zinatosha kuanza, saizi 12 mpaka 16: Pheasant Tail za kuzama, Adams chache za kuelea, Coachman, na Kenya Bug usikose. Kabla ya kulipa, shika nzi ukwaruze kichwa chake kwa ukucha, pale uzi unapoishia karibu na tundu la ndoana. Kukiwa na vanishi ngumu na uzi hausogei, hiyo imefungwa na mtu anayejali kazi. Uzi ukilegea, samaki wawili tu na manyoya yote yamefumuka. Halafu bana kile kimwiba cha ndoana kwa koleo, samaki mdogo unamrudisha bila kumrarua.

MzeeWaGura
Dada amemaliza. Niongeze tu miwani ya jua, hiyo si urembo, nzi ikirudi na upepo inalenga jicho. Dawa ya mbu usiguse mshipi nayo mikononi, inaharibu ile plastiki. Leseni chukua kwa ofisi ya uvuvi, na ndani ya hifadhi usiende bila askari wa wanyama, nyati hapendi kushtuliwa kwenye kichaka cha mtoni.

Fimbo ikifika usikimbilie mtoni, nenda uwanja wa shule jioni, funga kipande cha uzi wa sufu badala ya nzi. Ukirusha nyuma, ngoja mshipi unyooke wote ndio ulete mbele. Geuza kichwa uutazame.

Mpagazi_NaroMoru
Nimewapigia wa dukani nikaghairi ile namba 8. Jumamosi nashuka Nairobi kutafuta namba 4, vipande vinne, na kucha zangu sikati mpaka nikague nzi.