Mjadala: Ruzuku imekwisha, sisi tunaojiajiri Marekani tununue bima ya afya au tuache?

Mleta mada

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, hasa mnaoendesha Uber na malori, mnaosuka nywele, mnaohudumia wazee majumbani bila bima ya mwajiri. Tangu Januari magrupu yetu ya WhatsApp yamejaa watu wanaofuta bima walizonunua HealthCare.gov, soko la bima la serikali kuu mtandaoni. Sababu inajulikana. Ruzuku ya serikali ya kulipia bima, iliyoongezwa mwaka 2021 wakati wa korona, ikasogezwa mbele na sheria ya 2022, iliisha tarehe 31 Desemba 2025. Wabunge walibishana, serikali ikafungwa siku 43, ruzuku ikaisha vilevile. Ile ya zamani ya mwaka 2014 ipo bado, ila ni ndogo. Mtu asiye na familia anayebakiwa na kama dola 28,800 kwa mwaka alikuwa anachangia takriban dola 40 kwa mwezi kwa bima ya Silver (daraja la kati) inayotumika kupimia ruzuku. Mwaka huu wa 2026 ni takriban 140. Na anayepita dola 62,600 hapati hata senti.

Mimi nasema tusiache. Nakubali imepanda na inauma. Lakini nikisoma mnayoandika naona wengi mnafuta bima ambayo hamkuichagua vizuri tangu mwanzo, na wengine mnalipa zaidi ya mnachostahili.

Kosa la kwanza ni kuangalia bei ya mwezi peke yake. Bronze hulipa kwa wastani asilimia 60 ya gharama za matibabu, Silver 70, Gold 80. Bronze ina bei ndogo, lakini kwa nyingi kati ya hizo unajilipia maelfu ya dola kwanza kabla kampuni haijaanza kuchangia matibabu makubwa. Sasa kuna jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi: kama uko peke yako na kipato chako hakizidi dola 39,125, Silver inakuja na msaada wa pili unaopunguza kile unachojilipia hospitalini. Ukiwa chini ya 31,300, Silver hiyo hiyo inalipa angalau asilimia 87, yaani inaizidi Gold. Msaada huo haumo kwenye Bronze wala Gold. Kwa hiyo mtu wa kipato cha chini aliyekimbilia Bronze kwa sababu ya bei, msaada wake umempita. (Aliye juu ya kiwango hicho afungue Gold pia. Texas, kwa mfano, Gold mara nyingine huwa na bei ndogo kuliko Silver.)

Kosa la pili ni kipato mnachoandika. Dereva anaangalia kampuni imemwingizia dola 60,000 mwaka mzima, anaandika 60,000. Sicho kipato chake! Kama ameendesha maili 40,000 za kazi, kwa kiwango cha IRS (idara ya kodi) cha senti 72.5 kila maili anatoa dola 29,000. Zinabaki 31,000. Toa na nusu ya kodi ya kujiajiri, anabaki na takriban 28,800. Akiandika 60,000, mfumo unamtarajia achangie karibu dola 500 kwa mwezi. Akiandika kipato chake halisi, ni 140. Mtu huyo huyo, gari hilo hilo. Andikeni maili zenu kila siku, kwenye daftari au kwenye simu.

Ila msishushe kwa kubahatisha. Kuanzia kodi ya mwaka 2026, ukipokea ruzuku kuliko unavyostahili, IRS inaidai yote. Zamani wengi wetu tulikuwa na kikomo cha kurudisha, sasa hakipo. Kazi ikichanganya katikati ya mwaka, ingia ubadilishe kipato usisubiri Aprili.

Nawasilisha. Anayepinga aje na hoja.

Mdau wa Columbus

Kaka, heshima yako, ila napinga. Nina miaka 29, sijawahi kulazwa. Dola 140 mara 12 ni 1,680, hiyo ni karo ya mdogo wangu kule Morogoro. Faini ya serikali kuu ya kukosa bima ilishakuwa sifuri tangu 2019. Nikipata ajali hospitali lazima inipokee, na kwa makubwa zaidi jumuiya yetu huchanga. Tumeshasafirisha miili mpaka nyumbani kwa michango, tutashindwa bili?

Nesi wa Minneapolis

Mdogo wangu, hilo la kupokelewa nalifanyia kazi kila siku, ngoja nikueleze. Sheria ya 1986 inailazimisha idara ya dharura ikupime na kukutuliza hali, basi. Ukionekana una uvimbe, kukutibu mwezi kwa mwezi ni habari nyingine. Na kupokelewa si bure, bili inakufuata nyumbani. Ukiwa na bima ya sokoni, ukatibiwa na madaktari na hospitali zilizo kwenye mtandao wake, kwa mwaka 2026 hutajilipia zaidi ya dola 10,600, hata matibabu yakifika laki tatu. Usiye na bima huna mpaka wowote.

Michango naiheshimu sana, nami huwa natoa. Ila msiba ni wa mara moja, figo ni kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, miaka. Nani atachanga miaka?

Kwa ambaye tayari ana bili: hospitali isiyo ya kibiashara inatakiwa kisheria kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwasaidia wasio na uwezo. Ombeni fomu kabla hamjaanza kulipa kidogo kidogo kwa kadi ya mkopo.

Mdau wa Columbus

Nimekuelewa dada. Swali langu linabaki: kwa nini tupiganie serikali iyalipe makampuni binafsi? Ruzuku ikipanda, nayo yanapandisha bei. Wapo mawakala waliosajili watu bila wao kujua ili wapate kamisheni.

Mleta mada

Hilo la mawakala ni kweli na ni aibu. Na mimi ningependa mfumo usiopitia kampuni. Sheria inazitaka zitumie angalau senti 80 za kila dola ya malipo yetu kwenye matibabu na kuboresha huduma, la sivyo zirudishe ziada. Ni kitu, ingawa bei bado ni kubwa mno. Lakini kuiondoa ruzuku hakukuigusa kampuni, kumemgusa anayelipa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema iachwe ife.

Mama wa Dallas

Naomba niongeze. Mimi nilinunua kwa simu. Nilitafuta bima mtandaoni, nikaacha namba, zikaanza kupigwa simu. Bei ilikuwa nzuri. Nilipopeleka mtoto nikaambiwa hii si bima, ni mpango wa watu kuchangiana gharama, haujafungwa na sheria kulipa chochote. Kina mama wenzangu, mkiulizwa sukari au presha kabla ya kupewa bei, jueni hapo si sokoni. Sokoni wanauliza umri, mnapoishi, tumbaku na kipato. Ugonjwa wa zamani hawaruhusiwi kuutumia kukukataa wala kukuongezea bei.

Mleta mada

Asante sana mama. Na kabla ya kubonyeza kununua, piga simu kwa daktari wako ukitaja jina kamili la mpango, maana kampuni moja inakuwa na mitandao kadhaa. Kituo cha simu cha HealthCare.gov kinatoa mkalimani bure, semeni tu "Swahili".

Mdau wa Louisville

Ninyi mnaongelea kununua ama kuacha. Sisi tuliotoka Kongo tukapitia kambi ya Nyarugusu tumeamuliwa tayari. Sheria ya Julai 2025 inasema kuanzia Januari 2027 mkimbizi asiye na grinikadi hapati ruzuku, na Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato cha chini, inaanza kufungwa Oktoba 2026. Niliomba grinikadi, sijajibiwa. Nichague nini?

Mleta mada

Ndugu, hapo sina ujanja wa kukupa, na naona ni dhuluma: serikali iliyowaleta ndiyo inayowatoa. Kwa sasa tumia bima uliyo nayo: chanjo, vipimo, miwani ya watoto, dawa za presha, vyote vifanyike kabla ya tarehe hizo. Tafuta mapema kituo cha afya cha jamii kinachofadhiliwa na serikali kuu, vinatibu kwa ada inayopimwa kwa kipato, uwe na bima usiwe nayo. Na dirisha lijalo la kujiandikisha HealthCare.gov ni fupi, 1 Novemba hadi 15 Desemba; ninyi wa Kentucky soko lenu ni kynect, angalieni tarehe zake. Grinikadi ikitoka kabla ya hapo, peleka nakala siku hiyo hiyo.

Wadau wa Louisville mnaojua kituo chenye mkalimani wa Kiswahili, mtajeni hapa chini.