Nikianza kona tu, skii zinanitoroka mbele

Mwanagenzi: Wakuu, salaam. Huu ni msimu wangu wa pili kwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Mteremko wa taratibu sina shida, ila ukiwa mkali, kila nikianza kona skii zinachomoka na mimi nabaki nimekaa kama niko msalani. Nikifika chini mapaja yanawaka moto. Mwalimu ananipigia kelele "inama mbele!" Nainama, na bado jana nimeanguka chali mara nne. Nakosea wapi?

Ugoko: Pole mkuu. Hiyo "inama mbele" ilinitesa misimu mitatu. Ukiinamia kiunoni kichwa kinakwenda mbele, makalio yanarudi nyuma, hujapata kitu. Siku hizi kiwiliwili nakiacha, nashughulika na miguu.

Ukiwa unakatiza mlima, skii zimelala karibu sawasawa. Zikigeuka kuelekea bondeni, ncha zinainama ghafla na mwendo unaongezeka, wewe mwili bado uko kule kule. Kwa hiyo pale pale unapobadilisha kona, vuta nyayo nyuma, kama mtu anayeficha miguu chini ya kiti. Kifundo cha mguu kikunjike. Ugoko uguse ulimi wa buti, uguse tu, usiuegemee kama ukuta. Uzito usikie katikati ya wayo. Ukisimamia vidole, kisigino kinanyanyuka ndani ya buti na mikia ya skii, yaani ncha za nyuma, inakuponyoka mwishoni mwa kona.

Halafu mguu wa ndani ya kona, ule wa upande unaogeukia, huo ndio mkorofi. Ukiuachia utatangulia, nyonga itaufuata, na skii ya nje, ambayo ndiyo inayotakiwa kubeba uzito, inabaki nyepesi. Kutangulia kidogo ni kawaida kwa sababu ya mteremko, kidogo lakini. Jaribu hivi: katikati ya kona nyanyua mkia wa skii ya ndani, ncha yake ibaki inakwaruza theluji. Kama umekaa nyuma, haitawezekana.

Buti Kubwa: Kabla ya yote kagua buti. Mimi nilichukua kubwa kwa sababu ilikuwa tamu mguuni, kumbe kisigino kinacheza humo. Toa kile kiatu laini cha ndani ya buti, ingiza mguu kwenye ganda gumu la nje likiwa tupu, vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 2. Yangu ilipita kiganja!

Mwanagenzi: Buti iko sawa, nimepima. Zoezi la mkia nimelifanya asubuhi. Kona za kulia safi, za kushoto ncha inapanda kabla ya mkia.

Ugoko: Basi mguu wa kushoto ndio unaokukimbia. Rudi kwenye mteremko wa taratibu, piga kona za kushoto tupu, na uanze kuuvuta huo mguu mapema, kabla skii hazijaangalia bondeni. Ukisubiri zigeuke umeshachelewa.