Tupeane uzoefu: dampo likipanuliwa, malori na kelele zinaongezeka kiasi gani mtaani kwako?

Mleta mada, Pugu

Wakuu, salaam. Dampo likitajwa kupanuliwa, wengi tunakimbilia kuongelea harufu na nzi. Ni haki yetu. Wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na harufu, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Taka zikahama, zikapita Vingunguti na Mtoni, leo zinaishia huku Pugu Kinyamwezi.

Mimi naomba tuongelee malori. Barabara yetu inabeba taka za jiji, ng'ombe wa mnada wa Pugu, mchanga, kokoto na daladala za Gongo la Mboto. Kila mradi ukija unapimwa peke yake, tunaambiwa ongezeko ni dogo. Lakini usiku hatuamshwi na mradi mmoja mmoja. Waliopitia haya, mlidai nini na kipi kilisaidia?

Mama Genge, Majohe

Naomba nianze. Watu wanadhani lori lililojaa ndilo lenye kelele. Sivyo kabisa. Lililojaa linanguruma, linapita. Likishamwaga, dereva anawahi tripu nyingine, ule mlango wa nyuma na minyororo yake vinagonga kwenye kila shimo mpaka vyombo kabatini vinatetemeka. Tukaomba matuta kwa ajili ya watoto wa shule, yakawekwa, na ajali zimepungua, namshukuru Mungu. Ila sasa kila lori linashika breki za upepo mbele ya mlango wangu, pshaaa, linaruka tuta, kisha linakanyaga mafuta upya. Mama mkwe nimemhamishia chumba cha nyuma.

Dereva wa tipa

Pole dada yangu. Sikilizeni na upande wetu. Tunalipwa kwa tripu. Mvua ikinyesha njia ya ndani ya dampo inakuwa tope, lori moja likikwama wote tunasimama nje, foleni inafika kwenye nyumba za watu. Injini hatuzimi, maana kwa betri hizi ukizima huna uhakika wa kuwaka tena. Mpaka tuingie dampo ni jioni, kwa hiyo tripu za mchana tunazimalizia usiku. Eneo la kumwagia likiongezwa bila kutengeneza njia ya ndani na mahali pa kusubiria, foleni itabaki barabarani. Daini hilo kabla ya kudai ukuta wa kuzuia kelele.

Fundi barabara

Niongeze hesabu kidogo. Kelele hazijumlishwi kama shilingi. Magari ya aina moja yakiongezeka maradufu, kipimo kinapanda desibeli 3 tu, na kwenye ripoti ya mradi ongezeko hilo linaonekana si kitu. Mradi wa pili ukiongeza 3, na wa tatu 3, mmefika 9. Sikio la binadamu huhesabu 10 kuwa kelele imekuwa mara mbili. Na hakuna hata ripoti moja iliyoandika kwamba athari ni kubwa! Halafu hizo desibeli ni wastani. Mlango wa tipa unaogonga saa nane usiku unamezwa na wastani huo, lakini ndio ulioamsha mtoto. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Ulaya wa 2018, lilishauri kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45.

Msisahau lami. Ekseli ya lori ikibeba uzito mara mbili, uharibifu wa barabara hufika takribani mara 16. Mashimo yakizidi, kelele anazosema Mama Genge zinapanda hata kama idadi ya malori haijabadilika.

Mkazi wa Kisauni, Mombasa

Kwetu dampo la Kibarani lilifungwa, pakapandwa miti, pakapendeza. Taka zikaelekezwa dampo la Mwakirunge, na sisi wa njia ya huko ndio tuliobaki na malori. Kilichotufaa ni daftari. Kina mama wapika mahamri, ambao waamka usiku, waliandika kila lori lililopita, saa ngapi na limebeba nini: taka, mawe, mchanga. Kwenye kikao cha maoni, aliyesoma ripoti ya mazingira alikuwa amehesabu malori ya taka peke yake. Tukamfungulia daftari. Kanuni za Kenya za mwaka 2003 za tathmini ya mazingira zataka ripoti ieleze hata athari zinazolimbikizana, kwa hivyo hakuweza kutupuuza. Tukapewa saa: hakuna lori la taka kabla ya sala ya alfajiri. Ya mawe hayakuguswa, hilo bado twapigania.

Mleta mada, Pugu

Ahsante sana ndugu wa Mombasa. Tupigie picha ukurasa mmoja wa hilo daftari tuone mlivyochora safu zake, ila mfiche majina. Mama Genge, najua unaamka saa kumi kwenda sokoni. Ukikubali kuandika upande wa Majohe, mimi nitaandika usiku hapa Pugu. Dereva, tuelekeze namna ya kutofautisha lori la taka na la kokoto gizani. Na wa Dandora, Nairobi, mpo? Dampo lenu lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na malori hayajaacha kuingia. Tuambieni mnalalaje.