Toleo lipi la kitabu cha sheria ya mikataba?

Rafu ya 346.02 (namba ya sheria ya mikataba maktabani) ina matoleo matatu ya kitabu kimoja. Nitumie lipi kwenye tasnifu?

— Jipya, ila soma dibaji kwanza. Mara nyingi mwandishi hutaja tarehe ambayo sheria imeelezwa kufikia hapo. Iamini hiyo kuliko mwaka wa uchapishaji; katikati huweza kupita miezi mingi, na bunge halimsubiri mchapaji.

— Ukishalipata, anzia jedwali la kesi (orodha ya kesi zilizotajwa kitabuni na mahali zilipo), si yaliyomo. Angalia kama namba zake ni za aya au za kurasa. Wengi hupotea hapo.

— La zamani msilitupe! Mkataba wa zamani huweza kuamuliwa kwa sheria ya wakati ule. Na hukumu isome yenyewe kabla ya kuinukuu, kisha hakikisha haikutenguliwa kwenye rufaa.