Tupeane uzoefu: umewahi kuijua nia ya mtu kabla hajatenda?

Wakuu, niko Makorora, Tanga. Naanza na la kwangu.

Nilikuwa nauza dagaa soko la samaki la Deep Sea na mwenzangu, mtaji nusu kwa nusu. Ghafla akaanza kunakili namba za wateja wetu wa Korogwe na Lushoto kwenye daftari lake, na kuwahi mnadani bila kunipitia. Nikamuuliza: kaka, unataka tutengane? Akaapa kwa mama yake kuwa hana wazo hilo. Mwezi haukuisha, akaweka meza yake hatua kumi kutoka kwangu. Juzi tumekutana msibani, akaniambia, "Siku ile sikukudanganya. Sikuwa najua." Namwamini. Mikono ilishaamua, mwenyewe bado.

Mwaka 1983 Benjamin Libet wa Marekani alipima ubongo wa watu waliokuwa wakisogeza mkono kwa hiari yao. Ubongo ulianza kujiandaa kama nusu sekunde kabla ya mkono, na mwenye mkono akaja kuitambua nia yake baada ya ubongo kuanza, muda mfupi tu kabla ya mkono kusogea. Ni mambo ya mkono tu, si ya daftari la mwezi mzima, ila nilimkumbuka mwenzangu.

Mama wa Pongwe: Mie nilikosea. Mwanangu aliuza simu, akafungasha begi, akawa haongei na mtu. Hapa Tanga ukiona hivyo unawaza kuzamia meli. Nikamfichia vyeti vyote chini ya godoro langu. Kumbe kaitwa usaili wa chuo, simu kauza apate nauli. Alitaka kunishtukiza na habari njema.

Mjumbe mstaafu, Ngamiani: Niliwahi kuletewa kijana usiku, eti kakutwa amesimama ukutani, "alitaka kuiba". Kashika nini? Hakuna. Kavunja nini? Hakuna. Nikamtoa mikononi mwao, nikamsindikiza kwao mwenyewe. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 380, inasema kujaribu kosa ni pale mtu anapoanza kuitekeleza nia yake, na ikaonekana kwa kitendo cha wazi. Wangempiga kwa kosa walilolibuni wao.

Mwanzisha mada: Mama wa Pongwe, pole sana. Vyeti ulimrudishia lini?

Mama wa Pongwe: Siku ileile, jioni. Usaili ulikuwa saa mbili asubuhi.