Wakuu, mtu anaweza kujilazimisha kuamini?

Mwenye Kiu: Heshima kwenu wakuu. Naomba ushauri, si mabishano. Miezi kadhaa sasa nasali lakini naona kama naongea na ukuta. Nimesoma hoja ya Pascal, yule mwanafalsafa Mfaransa: ukiamini na Mungu yupo, umepata vyote, asipokuwepo, hujapoteza kitu. Sawa, ila moyo hauamrishwi. Mtu anaweza kuamua kuamini?

Kauzu: Uamini Mungu yupi? Dini ni nyingi na kila moja ina moto wake. Halafu huyo ajuaye yote atashindwa kujua umemwamini kwa hesabu?

Bibi Subira: Mwanangu, funga siku tatu. Mume wangu alipokosa kazi nilifunga, watu wakanicheka. Siku hizi vijana mnasoma mno, magoti hamyachoshi.

Mchimbaji: Pascal alikijua kikwazo chako. Asiyeweza kuamini alimshauri atende kama waumini watendavyo, moyo utafuata. Ila mbona una haraka? Kuna nini?

Mwenye Kiu: Hakuna kitu, ni swali tu.

Mchimbaji: Mkuu, sema ukweli usaidiwe.

Mwenye Kiu: Jumapili nahubiri. Mimi ni mchungaji, mwaka wa 11 huu. Mwezi uliopita nilizika mtoto wa miaka 6. Mama yake akanishika kola, akauliza Mungu alikuwa wapi. Nikajibu ni mapenzi yake. Nilijisikia kama nasoma tangazo.

Kauzu: Hii chai. Hiyo ni hoja ya uovu, kwamba Mungu mwema mwenye uwezo wote akiwepo, mbona mabaya yapo? Ipo tangu enzi za Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, wewe umeivika joho tu. Mchungaji wa kweli angewaendea wenzake.

Mwenye Kiu: Wenzangu ndio walionifundisha kujibu vile. Jeneza lilikuwa dogo, nililibeba mwenyewe kwa mikono miwili, Biblia akanishikia baba wa mtoto. Amini usiamini.

Mchimbaji: Mimi nakuamini. Al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, alijichunguza akaona anafundisha kwa ajili ya sifa, si kwa ajili ya Mungu. Mwaka 1095 ulimi ukamfunga mbele ya wanafunzi, neno halitoki. Akaiacha Baghdad, akarudi kufundisha baada ya miaka kama 11. Mkeo anajua?

Mwenye Kiu: Hajui, na sioni haja ya kumsumbua. Nitaendelea kuhubiri. Watu wanafarijika, hilo nalo ni uongo?

Kauzu: Kama ni kweli, samahani kwa ile chai. Lakini yule mama hakufarijika.

Bibi Subira: Mchungaji, nimerudi. Nilikuambia ufunge bila kujua ulichobeba, unisamehe. Mimi pia nimezika. Jumapili usieleze chochote. Soma Zaburi ya 88. Nyingine nyingi humlilia Mungu, kisha zikamaliza kwa kumsifu au kumtumaini. Hiyo inaishia gizani. Isome, ukae.

Mwenye Kiu: Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Mke wangu ameamka, anauliza nasoma nini.