Pudini ya Yorkshire: itangulie peke yake, au iwekwe sahani moja na nyama?

Mkazi wa Leeds

Ndugu zangu, naleta hoja inayogawa meza za Jumapili huku kaskazini mwa Uingereza. Walio huku wanaujua mlo wenyewe: nyama ya kuoka, viazi vilivyookwa kwenye mafuta mpaka vikakauka nje, karoti, kabichi, mchuzi mzito wa kahawia, na pudini ya Yorkshire. Kwa mlioko nyumbani, pudini hii haina sukari. Ni unga wa ngano, mayai, maziwa na chumvi, unakorogwa uwe mwepesi kama wa chapati za maji, kisha unamiminwa kwenye mafuta ya nyama yaliyochemka mpaka yanafuka moshi na kuingizwa kwenye oveni. Inafura, kingo zinakuwa kavu, katikati panabaki laini na shimo.

Msimamo wangu: itangulie. Iletwe mezani peke yake, ya moto, imemwagiwa mchuzi, watu wale wamalize ndipo nyama ije. Ndivyo kaya nyingi za Yorkshire zilivyokula zamani, na sababu ilikuwapo. Nyama ilikuwa ghali na watoto walikuwa wengi. Aliyeanza na pudini na mchuzi alifika kwenye nyama akiwa ameshashiba nusu, na kipande kidogo kikawatosha wote. Wazee waliwaambia watoto kwamba atakayekula pudini nyingi ndiye atakayepewa nyama nyingi. Mtoto alijitahidi, na nyama ilipofika tumbo halikuwa na nafasi tena.

Leo wengi wetu hatuihesabu nyama namna hiyo, lakini utamu uko palepale. Pudini ikibanwa katikati ya karoti na kabichi zinazotoa maji, inalowa na kunywea kabla hujaifikia. Kazi yote ya mpishi imepotea.

Mpishi, Birmingham

Kaka wa Leeds, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe hata kidogo. Nimesimama kwenye jiko la baa Jumapili nyingi, na mteja anataka sahani moja iliyojaa. Ana haki. Lile shimo la pudini ndilo linaloshika mchuzi, na raha ya mlo huu ni kukata pudini, nyama na kiazi ukavitia mdomoni pamoja.

Halafu kuna suala la oveni. Pudini inataka joto kali, nyuzi 220 hivi, na mlango haufunguliwi mpaka iwe imesimama, maana kinachoinua ule unga ni mvuke. Ukifungua mapema, joto linashuka kabla yai halijashika, nayo inalala. Sasa, nyama ikitoka lazima ipumzike nusu saa kabla ya kukatwa ili maji yake yasimwagike ubaoni. Nusu saa hiyo ndiyo nafasi ya pudini. Vyote vinakuwa tayari kwa wakati mmoja, basi kwa nini nile kimoja huku kingine kinapoa?

Kulowa kuna dawa: pudini ikae juu ya vyote, na mchuzi uwe kwenye jagi. Kila mtu ajimiminie. Anayemwagia mwenzake mchuzi bila kumuuliza anakosea, hilo nalisema wazi.

Mama wa Reading

Asalaam aleikum wanangu. Nyie mnabishana juu ya sahani, mimi nina la nyama. Kuna Waingereza wanashikilia kwamba pudini hii ni ya ng'ombe tu: kondoo apewe mchuzi wa mnanaa, nguruwe apewe tofaa lililopondwa, na pudini wasiiguse. Kwangu tunaoka paja la kondoo, na pudini haikosekani.

Wanaoitetea mila wasome mila yenyewe. Maelezo ya zamani yanayotajwa sana ni ya kitabu cha London cha 1737, *The Whole Duty of a Woman*. Kinasema unga uwekwe chini ya bega la kondoo linalookwa, udondokewe na mafuta yake. Kondoo, si ng'ombe! Jina la Yorkshire lilienea baada ya Hannah Glasse kulitumia katika kitabu chake cha 1747. Kwa hiyo anayeninyima pudini kwa ajili ya kondoo wangu hana hoja.

Na mafuta ya alizeti yanafaa kabisa kwa mgeni asiyekula nyama, mradi yawe moto sana.

Sheffield

Shikamoo mama. Naunga mkono yote, na naongeza: inayobaki ipakwe jamu, iliwe na chai. Wenyeji wengi huku wanafanya hivyo.

Mkazi wa Leeds

Shikamoo mama. Kuhusu kondoo sina ubishi na wewe.

Kaka mpishi, hesabu yako ya oveni inanisaidia mimi. Pande kubwa la nyama likifunikwa vizuri kwa foili halipoi kwa robo saa zaidi, na robo saa inatosha watu kula pudini ikiwa imetoka motoni sasa hivi. Kwenye baa sawa, mteja ana haraka. Nyumbani Jumapili nani ana haraka?

Tena mnazungumzia zile pudini ndogo za duara zenye umbo la kikombe kana kwamba ndiyo asili. Nyama ilipokuwa ikizungushwa mbele ya moto, pudini ilikuwa sinia moja pana chini yake, inakatwa vipande na kugawiwa. Mwaka 2008 Royal Society of Chemistry, chama cha wanakemia wa Uingereza, kilitangaza kwamba isiyofika inchi 4 kwenda juu si pudini ya Yorkshire. Kipimo hicho kinaitupa nje ile ya sinia, iliyolisha kaya za huku kwa vizazi. Mimi naoka ya sinia na nitaendelea.

Bado hatujagusa Krismasi. Bata mzinga apewe pudini au asipewe? Semeni.